Kalukuluku: mugodi wenye ulizaa muji wa Lubumbashi

Ukiuliza mutoto wa Lubumbashi alama ya muji wake ni gani, atakuonyesha lile bomba refu la moshi la Gécamines na mulima mweusi wenye uko pembeni yake. Wageni wote wanapigia foto pale. Lakini bomba na mulima ni watoto tu. Mama yao iko upande mwingine wa muji, kaskazini-mashariki, mu komine ya Ruashi. Ni shimo kubwa lenye watu wa hapa wanaita Kalukuluku, na lenye Wazungu walibatiza Étoile du Congo, maana yake Nyota ya Kongo.

Ninyi wenye kutusoma kutoka Bunia, Bukavu ao Kalemie mumezoea habari za zahabu na koltani. Kwetu Katanga zahabu ni kidogo. Wazungu waliitafuta sana hapa kabla ya 1910, na walipata kiasi fulani ku Ruwe, karibu na Kolwezi, lakini kilichowashika ni mukuba, ile shaba yenye ilipatia jimbo letu jina kutoka 1971 mpaka 1997. Na nyuma ya mukuba kulikuwa kobalti, yenye hakuna mutu aliijali. Habari ya Kalukuluku ni hiyo: namna gani kitu kilichotupwa na baba kinachimbwa tena na mutoto, na ni nani anabaki na vumbi.

Kilima chenye miti ilikataa

Katanga ni inchi ya miombo. Pori linaanza pale nyumba zinaishia na linaendelea mpaka Zambia. Sasa wazia unatembea mu pori hilo, kisha gafula miti inakwisha. Mbele yako kuna kilima chenye nyasi fupi na mawe yanayotokea inje, sawa jangwa dogo lililowekwa katikati ya miti. Hakuna mutu alikata, hakuna moto ulipita. Ni udongo wenyewe. Uko na mukuba mwingi, na mukuba ukizidi ni sumu kwa mizizi ya miti. Katanga iko na vilima vya namna hiyo vingi sana, kuanzia upande wa Kolwezi mpaka huku kwetu. Kalukuluku ilikuwa kimoja kati yao.

Mimea michache tu ndiyo inavumilia udongo huo. Moja inajulikana kuliko zingine zote: ua la mukuba, lenye wataalamu wanaita Haumaniastrum katangense. Ni kajani kadogo ka jamaa moja na lumba-lumba, na maua yake yanavutia ku rangi ya buluu. Kajani haka kalisaidia hata wataalamu wa mambo ya kale. Mahali wazee walipikia mukuba, takataka ya tanuru ilibaki mu udongo, na ua likaota juu yake. Basi watafiti walifuata maua, wakachimba chini yake, na wakakuta mabaki ya tanuru. Karibu na Lubumbashi, ku Naviundu, vipimo vilionyesha kwamba watu walikuwa wanapika mukuba tangu karne ya 4. Leo Naviundu ni jina tunalopita nalo kila siku mu taksi-basi, na hakuna anayejua kama chini pale kuna kiwanda cha zaidi ya miaka 1,600.

Kazi ya wazee ilikuwa ya kiangazi, kisha kuvuna mutama. Wanaume walichimba malakiti, yale mawe ya rangi ya kijani yenye leo mafundi wetu wanachonga bikomo na vitu vya kuuzia wageni. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakajaza makala, wakapuliza kwa mifuko ya ngozi. Mukuba uliyeyuka, wakaumwanga mu mufano wa musalaba. Misalaba hiyo ilikuwa feza. Imekutwa mu makaburi ya zamani ku Sanga, upande wa ziwa Upemba, kuanzia karne ya 13 ao ya 14. Bendera ya Katanga ya 1960 ilikuwa na misalaba mitatu ya mukuba, na alama hiyo haikuzaliwa mu ofisi ya mutu. Ilitoka mu tanuru hizo. Mu karne ya 19, mufalme M'siri wa Bunkeya alifanya biashara ya mukuba huo na pembe za tembo mpaka ku bahari zote mbili. Aliuawa kwa risasi tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 1891 na watu wa msafara wa Stairs, waliotumwa na Leopold wa Pili.

Bahari yenye ilikuwa hapa

Tuingie chini ya udongo kidogo. Najua jeolojia inatisha watu. Ku masomo ya sekondari walitufundisha majina bila kutuonyesha hata jiwe moja, na mimi nilielewa siku nilipoona ukuta wa karieri kwa macho.

Miaka karibu milioni 800 hivi iliyopita, Katanga haikuwa na mulima wala pori. Ilikuwa pwani ya bahari yenye mayi mafupi, moto, na chumvi mingi. Viumbe vidogo sana vilijenga mawe ya chokaa chini ya mayi hayo, tabaka juu ya tabaka. Kisha, mu wakati mrefu, mayi ya chumvi yaliyokuwa yanatembea ndani ya mawe yalileta mukuba na kobalti. Pale yalipokuta mabaki ya viumbe vile na sulfuri, metali zilishikama na kubaki. Baadaye, kati ya miaka milioni 560 na 500 iliyopita, vipande viwili vikubwa vya Afrika vilisukumana. Mawe yalikunjwa, yalipasuka, vipande vingine vilisukumwa juu sawa mutu anavyokunja kitambaa ku meza. Njo ule upinde wa mukuba unaoanza Kolwezi, unapita Likasi na Lubumbashi, na kuingia Zambia.

Wachimbaji wa Gécamines wanajua tabaka hizi kwa herufi za Kifransa. Chini kuna RAT, mawe ya udongo, mara nyingi mekundu. Juu yake kuna RSF, mawe yanayopasuka sawa kurasa za kitabu, na RSC, mawe magumu yenye matundu matundu. Kisha kunafuata SD, mawe ya tabaka nyembamba. Mukuba unakaa sana chini na juu ya RSC. Yenyewe RSC mara nyingi ni tupu, lakini kwa sababu ni ngumu, mvua haiwezi kuila upesi. Hiyo njo ilisimama kama kilima wakati mawe ya pembeni yalikwisha.

Na sasa fika ku jambo lenye linahusu feza. Mukuba wa chini kabisa umefungwa na sulfuri. Kwa mamilioni ya miaka mvua iliingia ndani ya kilima, ikageuza mawe ya juu. Mukuba ukawa malakiti ya kijani. Kobalti yenyewe haipendi kusafiri na mayi sawa mukuba. Ilibaki karibu na juu, ikageuka kuwa jiwe jeusi na udongo mweusi, wenye wataalamu wanaita eterojeniti. Kwa hiyo mutu anayefungua kilima cha namna ya Kalukuluku anakutana mapema na kitu cheusi, na kati yake ao chini yake anaona kijani. Wa kwanza wote walitaka kijani.

Reli, tanuru na muji

Mubelgiji Jules Cornet, mtaalamu wa mawe, alipita Katanga mu 1892. Maneno yenye kila mwanasiasa wetu anapenda kurudilia, kwamba Kongo ni skandali ya jeolojia, watu wanasema yalitoka kwake. Mu 1900 Mwingereza Robert Williams, mwenye kampuni ya Tanganyika Concessions, alipata ruhusa ya kutafuta madini mu Katanga, na kundi la George Grey lilipita kilima kwa kilima. Kusema kwamba waligundua ni neno kubwa. Mara nyingi walionyeshwa mashimo ya wazee. Tarehe 28 mwezi wa 10 mwaka 1906 Union Minière du Haut-Katanga ikazaliwa, na kati ya migodi yote waliyopewa, walichagua kuanza na Kalukuluku.

Kwa nini hii, wakati Kambove ilikuwa inajulikana pia? Sababu reli ilikuwa inatoka kusini, kwa Waingereza wa Rhodesia, na Kalukuluku ilikuwa karibu zaidi na mupaka. Reli ilifika Sakania mwisho wa 1909, na mu mwezi wa 9 mwaka 1910 treni ya kwanza iliingia pale muji ulikuwa unapimwa. Émile Wangermée alichora barabara zake zilizonyooka kati ya mugodi upande mmoja na mutoni Lubumbashi upande mwingine, pale tanuru ingejengwa. Wakauita Élisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji. Basi mwenye kuuliza kwa nini Lubumbashi iko hapa, mbali na mutoni mukubwa na mbali na Kinshasa, jibu ni hilo: mugodi ulikuwa pale, mayi yalikuwa huku, na katikati wakaweka watu.

Tanuru ilitoa mukuba wake wa kwanza tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1911. Ndiyo, 30 juni. Kabla haijakuwa sikukuu ya uhuru wa inchi yote, tarehe hiyo ilikuwa tayari siku ya kuzaliwa ya mukuba wa Lubumbashi. Mwaka ule walitoa karibu tani 1,000. Mu 1917, na mawe ya Kambove na Likasi yakiongezwa, walipita tani 27,000, na mukuba huo ulienda sana ku viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa vita. Mawe ya Étoile yalikuwa tajiri, zaidi ya asilimia 10 ya mukuba. Leo kampuni ikipata asilimia 3 inafurahi. Bomba refu, karibu metre 150, lilijengwa mu 1917.

Wafanyakazi walitoka mbali: Luapula na Rhodesia ya Kaskazini kwanza, kisha Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi. Mu miaka ya kwanza wengi walikufa kwa magonjwa ya mapafu na ya kuhara, na mafua ya 1918 yalimaliza wengine. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière iliona ni afazali mutu akae na bibi yake na watoto mu kambi kuliko kuleta watu wapya kila miezi sita. Mu kambi hizo, kati ya watu wenye hawakuwa na luga moja, njo Kiswahili chetu hiki cha Lubumbashi kilikomaa. Na mu kambi hizo pia kulikuwa hasira. Mwezi wa 12 mwaka 1941, vita vya pili vikihitaji mukuba na bei ya vitu ikipanda, wafanyakazi waligoma. Tarehe 9 walikusanyika ku uwanja wa mupira, na askari walifyatua risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina lao, alikufa pale, pamoja na makumi ya wenzake. Watoto wengi wanaocheza mupira Lubumbashi hawajawahi kusikia jina lake. Hilo linaniuma.

Jangwa la pili

Nilisema Kalukuluku ilikuwa jangwa dogo lililotengenezwa na udongo. Muji ulitengeneza lingine. Pepo za hapa zinavuma sana kutoka kusini-mashariki. Moshi wa tanuru, wenye sulfuri na vumbi la metali, ulianguka kila siku upande wa kaskazini-magaribi, juu ya mitaa ya Gécamines na Penga-Penga. Kwa miaka karibu 80 miombo ilikufa pole pole. Mvua ikachukua udongo wa juu. Ukienda leo, utaona vichuguu vimesimama bila muti, na nyasi fupi zile zile zinazoota ku vilima vya mukuba. Tanuru zilizimika mwanzoni mwa miaka ya 1990, Gécamines ilipoanguka, lakini metali hazikwenda na moshi. Ziko bado mu santimetre za juu za udongo, pale mama analima matembele. Fakulte ya agronomia ya UNILU imejaribu kupanda miti na nyasi kwa kuongeza chokaa na mbolea ya mimea. Inawezekana, lakini ni kazi ya shimo kwa shimo.

Cheusi kinarudi

Étoile ilisimama katikati ya miaka ya 1920, mawe mazuri ya juu yalipopunguka na migodi mingine ilipofunguliwa. Wakati ule kobalti ilikuwa tayari imeanza kuuzwa ku Likasi, lakini sehemu kubwa ya ile iliyopita mu tanuru za Lubumbashi iliyeyuka pamoja na takataka, ikamwangwa ku mulima mweusi. Zinki na jermani ya mawe ya Kipushi ilifuata njia ile ile. Walijenga bila kujua hazina ya wajukuu.

Wajukuu walirudi. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kiwanda cha STL kinakula ule mulima ili kutoa kobalti, na mu 2024 Gécamines ilianza kutuma Ubelgiji, kwa kampuni Umicore, mzigo wa jermani yenye ilikuwa imelala mu takataka. Jermani inatumikishwa ku nyaya za intaneti na ku miwani ya kuonea usiku. Ku Kalukuluku vilevile, kampuni Chemaf ilichukua mugodi mu miaka ya 2000. Haipiki tena kwa moto. Inasaga mawe, inayalowesha mu asidi, na inatoa mukuba kwa umeme na kobalti kama unga wenye maji-maji. Kile cheusi, chenye watu wa 1911 walikiruka, njo kiliita kampuni kurudi, sababu ya betri za simu na za magari. Lakini kobalti ni mufalme wa hasira. Bei ilipanda sana mu 2018, kisha ikaanguka. Madeni yakaifunga Chemaf, na mu 2024 ilipotaka kujiuza kwa kampuni ya Wachina, Gécamines ilikataa. Mu mwezi wa 2 mwaka 2025 serikali yenyewe ilifunga uuzaji wa kobalti inje ya inchi ili bei ipande, na mu mwezi wa 10 ikaweka mgao kwa kila kampuni.

Hapa ninyi wa mashariki musikilize vizuri, sababu sheria ni moja kwa wote. Kodi ya madini ya 2018 inasema kampuni ilipe redevance juu ya kile inauza. Kwa zahabu ni asilimia 3.5. Kobalti, koltani na jermani zilitangazwa kuwa madini ya pekee mwisho wa 2018, na zinalipa asilimia 10. Mu feza hiyo, nusu inaenda Kinshasa, asilimia 25 ku jimbo, asilimia 15 ku komine, sekta ao chefferie yenye mugodi uko ndani yake, na asilimia 10 ku mfuko wa vizazi vinavyokuja. Tena, kampuni inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Komine ya Ruashi inakaa juu ya Étoile na juu ya jirani yake, mugodi wa Ruashi, ulio ku mstari ule ule wa mawe. Ukipita mu barabara zake wakati wa mvua, utajiuliza asilimia 15 inapita wapi. Mukaaji yuko na haki ya kuuliza swali hilo ku bourgmestre wake, na asiulize kwa kuomba.

Damu na mikojo

Mutaa wa Kalukuluku umesogea mpaka karibu na uzio. Watu hawakukosa akili. Kiwanja pale kilikuwa bei chini, na kazi ilikuwa karibu. Mu 2009 watafiti wa UNILU na wa chuo kikuu cha Leuven walichapisha vipimo vya mikojo ya watu wa Katanga. Wale wanaoishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti mingi sana mu mwili kuliko wa mbali, na watoto walikuwa wameguswa zaidi. Mu 2020, wengine wa vyuo hivyo hivyo, wakifanya kazi ku maternité za Lubumbashi, walionyesha kwamba hatari ya mutoto kuzaliwa na kilema inaongezeka kama baba yake anafanya kazi ya madini. Si kusema kila mutoto. Ni kusema baba asirudi nyumbani na nguo za vumbi, asizitupe mu beseni moja na za mutoto. Vumbi linaingia zaidi kwa mukono, kwa chakula na kwa sakafu ya nyumba kuliko watu wanavyofikiri. Kumwangia mayi barabara ya malori kunapunguza vumbi hilo, kuosha mboga mara mbili kunasaidia, na kulima mu udongo wenye rangi ya kijani ao nyeusi ni kujidanganya, hata kama mboga zinaonekana nzuri.

Kilima chenyewe cha Kalukuluku hakiko tena. Pale kilisimama kuna shimo, na pembeni ya shimo kuna malundo ya udongo uliotolewa. Mimea mingi yenye ilikuwa inaota pale tu na ku vilima vichache vingine imepunguka sana. Ua la mukuba lenyewe halijaondoka. Mvua ikikaribia kwisha unaliona ku malundo hayo na kando ya barabara ya malori, mu udongo uliochafuliwa, pale hakuna jani lingine linataka kuota.